Salio Halimjui Mwenyewe

Mafuriko ya Mto Tana yalipotutoa kijijini kwetu Idsowe tulihamia huku Minjila, kando ya barabara, kwenye mahema ambayo sasa yamechakaa. Wingu likiwa jeusi upande wa juu wa mto, mimi hufunga vyombo. Kukaa kitako nimesahau. Ndiyo maana sisi wanawake wa kikundi tulichanga: tununue kiwanja cha juu, tukigawane, tusihame tena.

Pesa hizo zilichukuliwa na watu wawili. Majina siandiki, ila Garsen nzima inawajua: mwenyekiti wa kikundi, mwanamume tuliyemchagua wenyewe kwa sababu amesoma, na shemeji yake mwenye duka la simu karibu na stendi. Walisema benki inakula, wakaziweka kwenye kripto, sarafu hizo za mtandaoni. Kila mkutano mwenyekiti alifungua simu akatuonyesha salio, tarakimu zimejaa kioo kizima. Tulipiga vigelegele.

Binti wa marehemu dada yangu anafanya kazi ya kompyuta hapo Garsen. Kuna watu wametengeneza chombo cha kutumiwa na akili mnemba, wale wasaidizi wa kwenye simu unaowauliza neno wakakujibu. Kwa chombo hicho msaidizi anaweza kuangalia pochi ya kripto ina kiasi gani. Binti huyu ndiye anayeandika maelezo yake kwa Kiswahili: kinafanya nini, kinataka kupewa nini, hakiwezi nini. Akawa ananiita anisomee.

"Mama mdogo, wewe ukielewa, kila mtu ataelewa."

"Yaani mimi ndiye kipimo cha ujinga?"

"Cha shule," akasema, akacheka. Niliishia darasa la nne, ningebisha nini.

Akasoma kwamba chombo kinataka anwani ya pochi tu, ule mstari mrefu wa herufi na nambari. Nikasimama. Yetu ninayo, mwenyekiti alimpa kila mwanachama, eti tuwe na imani. Nikamwambia ajaribu. Msaidizi akajibu kwa Kiswahili kizuri kabisa: salio lile tuliloonyeshwa, na zaidi.

"Si unaona! Zipo!"

Binti hakufurahi. Aliteremsha kidole kwenye kioo, akateremsha tena. "Mama mdogo, hapa pesa zinaingia na kutoka kila dakika. Hii ni kama pochi ya soko kubwa la kripto, la watu wa dunia nzima. Na yeyote mwenye anwani anaweza kuitazama. Chombo kinasoma kilichomo. Ni cha nani, hakijui."

Nilizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hilo nalijua tangu utotoni! Shamba letu lilipakana na malka, ile njia ambayo Waorma hushukia mtoni kunywesha mifugo. Jua likipanda, ng'ombe walijaa pale mpaka maji hayaonekani. Sisi watoto tulikaa ukingoni tukijigawia: wale weupe wangu, wale wa pembe ndefu wako. Halafu mchungaji anapiga mluzi, wanaondoka wote, tunabaki na kinyesi.

Jumamosi mwenyekiti aliitisha mchango wa mwisho, akisema mwenye kiwanja ana haraka. Kina mama walikuwa wameshaanza kufungua mafundo ya leso. Akatoa simu atuonyeshe salio.

"Usituonyeshe," nikasema. "Tumeona vya kutosha. Toa kidogo. Nauli tu ya kunifikisha Garsen, itume kwa simu yangu hapa hapa."

"Mama, kripto haitolewi hivyo. Na leo mtandao uko chini."

"Na hilo salio linaonekana kwa mtandao gani?"

Watu wakacheka. Lakini jirani yangu akanigeukia: "Dada, wewe tangu mafuriko huamini hata manyunyu."

"Mwenye ng'ombe apige mluzi," nikamwambia mwenyekiti. "Aje mmoja tu."

Shemeji yake akasema nina wivu. Mwenyekiti akasema atarudi mtandao ukitulia. Mafundo yakafungwa, si yote; jirani yangu alitoa lake. Mpaka leo mwenyekiti hajarudi. Kile kiwanja cha juu kimezungushiwa waya, na anayejenga humo ni shemeji.

Tulipokwenda kushtaki polisi, afisa aliyetusikiliza alitazama ile anwani, akatuuliza, "Sasa mnalia nini? Pesa si hizi hapa?" Nilitoka nje nikatema mate.

Nikaenda moja kwa moja kwa binti wa dada. Nikamuuliza yale maneno, kwamba chombo hakijui pesa ni za nani, ameyaweka wapi. Akanionyesha: mwisho kabisa, chini ya mambo mengine yote.

"Yapandishe juu."

"Mama mdogo, maelezo yana utaratibu wake."

"Na mimi nalala barabarani. Yapandishe."

Akayapandisha nikimwona, nikamwambia anisomee. Sasa ndiyo yanayoanza. Sijui kama wakubwa wake watayaacha hapo.

Jana nilimuuliza msaidizi tena. Salio limepanda. Upande wa juu wa mto kulikuwa kweusi, nikarudi hemani kufunga vyombo.