Wewe Imba, Maji Pita

Yule mzungu wa shamba la juu alikuwa na pango, na alilipenda kuliko watu. Alilichongea ngazi, akatundika taa za chemli, na kila Jumamosi jioni wageni wake walipanda na magari kutoka mjini kunywa mvinyo pale mlangoni na kutazama popo wakitoka. Popo! Sisi tunawafukuza kwenye ndizi, wao wanawapigia makofi.

Mfereji wetu ulipita mbele ya pango. Babu zetu ndio waliouchimba. Yeye alikuja akauziba kwa ubao na kufuli, akasema maji ni yake. Kiangazi kile nilikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, niliyoiotesha kwa mikono yangu, sikusaidiwa na mtu. Majani yalishaanza kujikunja. Siku mbili zaidi, ningeng'oa kuni.

Mzee wa ukoo wetu akaniita. Mzungu anataka ngoma pangoni, na mwanzishaji wa nyimbo nilikuwa mimi.

"Umemwomba maji, mzee?"

"Wewe kaimbe. Usituaibishe."

Nilimwambia mke wangu akae kitaluni na jembe. Miche ikishiba, apige kigelegele.

Kule pangoni mimi na wachezaji wenzangu tukaambiwa tuvue mashati. Tukavua. Wageni wameshika glasi, wanangoja. Mimi nikafunga mdomo.

"Imba!" mzungu akasema.

"Maji kwanza, bwana."

Mama mmoja wa kizungu akacheka, akauliza nimesema nini. Mwenye shamba akawa mwekundu kama nyanya. Akampigia kelele nyapara wake ainue ubao, kisha akanigeukia na Kiswahili chake cha shambani: "Wewe imba, maji pita. Wewe nyamaza, maji funga."

Kosa lake hilo. Alilisema mbele ya wageni wake.

Nikaanza. Wenzangu wakaitikia, wakaruka. Popo wakatoka, wakaisha. Mvinyo nao ukaisha. Mimi naimba. Beti za zamani zilipokwisha nikatunga mpya kwa Kimeru: pua yake, mbwa wake, miguu yake myembamba. Wenzangu wakawa wanaitikia huku machozi yanawatoka kwa kicheko, wageni wakadhani ni utamu wa ngoma. Matusi nayo yakaniishia, nikaingia nyimbo za kanisani.

Mzee wa ukoo, aliyekaa nyuma na glasi aliyopewa, akanisogelea. "Acha sasa. Wageni wamechoka."

Nikamjibu ndani ya wimbo: "Aliyechoka aende kwake!" Wote wakaitikia.

Mama yule alishaanza kupiga miayo. Mwenye shamba alikuwa ananitazama kama anayetafuta bunduki, lakini neno lilishamtoka.

Ndipo nikasikia kigelegele kutoka bondeni. Nikakata wimbo katikati ya neno. Wageni wakapiga makofi, maskini, wakadhani ndio mwisho wenyewe.

Jumatatu mfereji ulikuwa na kufuli mbili. Mchungaji alinitenga na meza ya Bwana kwa kuchezea ngoma nyimbo za ibada. Sijamwomba radhi hata leo. Mzee wa ukoo alizunguka vilabuni akisema yeye ndiye aliyetuombea maji, na alikufa akisema hivyo. Hakuomba kitu. Alikuwa anakunywa.

Miche ilishika, karibu yote. Nyumba hii ya bati niliijenga kwa kahawa ya miche ile.