Asubuhi Mlima Ulipokataa Kutoka

Harufu ya maharagwe makavu, ile ya vumbi na magunia, bado hunifanya nishike miwani yangu. Waswahili husema macho hayana pazia. Yangu yalizaliwa nalo. Nilikuwa na mtoto wa jicho kulia na kushoto, nikapasuliwa ningali mdogo, nikawekewa lenzi ndani na miwani nzito juu yake. Msimu ule nilikuwa karibu kuanza shule. Tukichagua maharagwe uani kwa Cucu, nyanya yangu, huko Tetu, nilivua miwani nikaanza kuokota vidudu ambavyo hata yeye hakuviona. Cucu akaweka ungo chini. "Si mnaona? Macho imepona. Hii miwani ndiyo ilikuwa inamkula macho." Akaifunga kwenye leso, akaitia kifuani.

Mama hakubishana naye. Lakini kwetu asubuhi haianzi mpaka mtu aulize kama mlima umetoka mawinguni, na kesho yake alinisimamisha mlangoni. "Mlima umetoka?" Nikasema kuna mawingu. Cucu, aliyekuwa akipita na mkebe wa maziwa, akacheka. "Mawingu gani, mami? Hata barafu inaonekana." Kisha kicheko kikakatika. Mama akanyoosha mkono, akarudishiwa miwani, akanivisha mwenyewe. Mlima ukabaki mawingu. "Pazia imerudi," Mama alisema, si kwa mtu yeyote.

Njia nzima hadi hospitalini Nyeri mjini nilijiuliza: kama imerudi, shule nitaenda? Nitasoma na nini? Daktari alimulika jicho moja, akahamia la pili. Hakuna pazia, alisema. Jicho la mtoto hurefuka anapokua, ila lenzi tuliyoweka haikui nalo. Ndiyo sababu vya karibu anaviona na vya mbali vinapotea. Miwani ibadilishwe, na itabadilishwa tena. "Kwani hamkumaliza siku ile mlipasua?" Cucu akauliza. "Ule ulikuwa mwanzo, Cucu."

Siku hizi nina shahada, Cucu hayupo, na hakuna ninachokitilia shaka zaidi kuliko macho yangu. Juzi nikiwa Ruring'u, hapo Nyeri, nilitazama upande wa mlima, nikaona weupe mtupu. Nikampigia Mama simu. "Mlima umetoka?" Nikasikia mlango wake ukifunguliwa.

"Leo ni mawingu kweli," akasema. "Hata mimi siuoni."