Waya Kati ya Mayai

Kwanza niseme wazi: ile mashine ilikuwa nzima. mtaa wetu wote wa Singe ulisema nimepika mayai ya marehemu, nami nikanyamaza, mimi ambaye watu wananijua kwa mdomo. Leo nasema kwa sababu niliyekuwa namfichia siri hayupo tena.

Mdogo wangu alifariki miaka ile ambayo Manyara bado tuliiita mkoa mpya, Babati imejaa wageni wa maofisini na kila kiwanja kina lundo la mchanga. Aliacha kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Kwenye msiba walitakiwa wachinjwe, Mama akakataa katakata. Wakabaki wanazunguka uani, nasi tunawatazama kama vile mwenyewe ametoka kidogo tu kwenda sokoni.

Halafu mdondo ukapita. Jamani, ule ugonjwa hauna huruma. Ulifagia mtaa mzima, hakubaki hata kuku wa jirani wa kuazima atamie. Yakabaki mayai tu, yale yaliyotagwa kabla, ndani ya kikapu. Mama alikibeba kikapu hicho mpaka kibandani kwangu karibu na stendi, nilikokuwa natengeneza redio na kompyuta, akakiweka juu ya meza.

"Wewe si unajua mambo ya umeme?" akasema. "Niangulie hawa. Sina kingine chake."

Ningesemaje? Nilikuwa nimeanza kujifunza vile vichipu unavyoviandikia maagizo kwenye kompyuta, kisha vinayafuata vyenyewe bila kuchoka. Nikaunda sanduku la mbao, nikafunga balbu ndani, nikalehemu chipu na swichi yake. Kipima joto kilikuwa kipande cha chuma kidogo kama harage, mwishoni mwa waya mrefu, nikakilaza katikati ya mayai. Kazi yake ni kuiambia chipu hali ya humo ndani. Joto likipungua balbu inawaka, likitosha inazima. Basi, hakuna uchawi.

Mama hakuuamini ule waya tangu siku ya kwanza. Kwao, milimani Mbulu, kuku hutengenezewa kiota cha majani makavu na majivu ya kufukuza utitiri, na chuma hakikai kwenye kiota. Tulibishana. Majivu na majani nilimkubalia, nikayatandaza chini ya mayai, ila waya nikamwambia hapana, ubaki. Akachukua ufagio, akafagia majani yaliyobaki. Nikadhani yameisha.

Nilikuwa nashinda mjini, yeye anashinda nyumbani kwenye kigoda kando ya sanduku. Aliyageuza mayai kwa mikono yake, anayasemesha kwa Kiiraqw, lugha aliyokuwa akimsemesha marehemu. Zile tarakimu za joto kwenye kioo kidogo nilichofunga ubavuni mwa sanduku macho yake hayakuziona, kwa hiyo nilimwambia aangalie balbu tu. Wiki ya pili tukayamulika kwa tochi. Tukaona mishipa myembamba, na ndani yake kitu kinatikisika. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuzike.

Siku moja nilirudi jioni, upepo wa Juni unapiga mabati. Mama alinipokea mlangoni uso umemchangamka. Alinieleza kwamba leo mashine imetamia vizuri sana, balbu haijazima hata kidogo tangu asubuhi.

Nilimpita mbio. Nilifungua sanduku, mvuke ukanipiga usoni, nikagusa yai likaniunguza. Waya haukuwepo. Ulikuwa nje, ubavuni mwa sanduku, umetundikwa kwenye msumari na kufungwa kwa kipande cha kanga, fundo zuri, la mtu aliyejali kisije kikaharibika kitu cha mwanawe. Kutwa nzima kile chuma kilikuwa kinasikia upepo wa Singe, kinaiambia chipu kuna baridi, nayo chipu inatii. Masikini chipu, ilifanya kila nilichoiandikia.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Nikageuka, maneno yako mdomoni kabisa. Ndipo nikaona, pale pembeni ya kigoda, kifuniko cha kopo kimesuguliwa kikang'aa na kutiwa maji. Alikuwa ameshawaandalia vifaranga pa kunywea.

Nikameza. Nikainama kama mtu anayekagua, nikafungua lile fundo, nikarudisha waya ndani, kile kipande cha kanga nikakitia mfukoni. Nikamwambia chipu ilikuwa feki, imeniangusha, anisamehe.

Mama hakulia. Aliyafukia mayai nyuma ya nyumba, moja moja, kwa mikono. Mimi ndiye niliyelia, huko bafuni, maji nikiyamwaga ovyo nisisikike. Nilikuwa nimempoteza mdogo wangu mara ya pili, na nisingeweza kumwambia mtu imekuwaje.

Tangu hapo ukawa wimbo wa Mama. Kanisani, gulioni, kwa majirani: mwanangu mashine zake hazifai. Wateja wakanitania nisije nikawapikia redio zao. Nilicheka nao. Iliniuma, tena sana, maana kazi yangu naijua.

Miaka ikaenda, Mama akaugua, akawa wa kitandani. Siku moja nilikuwa namsugua miguu, ilikuwa haipati joto hata ufanyeje. Akafumbua macho.

"Kuna kitu sikukwambia," akasema. "Yale mayai. Niliona kile chuma kitawaumiza watoto, nikakitoa. Nikasahau kukirudisha kabla hujafika, lakini ulipomaliza kukagua nikakiona kiko ndani." Akapumzika kidogo. "Kilikuwa na kazi?"

Niliendelea kusugua.

"Hakikuwa na kazi, Mama."

Akanitazama muda mrefu, nami nikajua kwamba haniamini. Kisha akaomba nimwongezee blanketi, nikamwongezea.