Nafasi ya Jina la Baba

Andika ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno.

Serikali ilipoanza kuuliza watoto wetu walizaliwa lini, sikuipenda. Kwetu Gesima mama hakuhesabu watoto wake mbele ya mgeni, na mgeni aliyeshika kalamu alikuwa mbaya zaidi. Karani wa kuhesabu watu alipofika uani kwangu, nilimwambia aanze na kuku, kwa kuwa kuku hawana siri. Hakucheka, nami sikumtajia mtoto hata mmoja.

Lakini baba yako, mwanangu wa mwisho, alipomaliza kidato cha nne akaitwa kwenye chuo cha ualimu, na barua ya wito ikadai cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mama mkwe wangu, na hakuna aliyefikiria kwenda kumwarifu chifu. Alikuwa na kadi ya ubatizo tu. Basi ilinipasa kwenda Kisii, kwenye ofisi ya wilaya, kwani siku hizo Nyamira, mji wa karibu nasi, haikuwa na ofisi ya mambo hayo.

Kuna jambo lazima nikueleze, kwa sababu umekulia mjini. Mume wangu alikufa kabla chai haijapandwa kwenye kilima chetu, akaniachia mabinti wawili. Kwa desturi yetu mjane hakurudishwa kwao. Alichagua mwanamume mmoja katika ndugu za marehemu, naye akaingia katika nyumba ile. Lakini watoto waliozaliwa humo walikuwa wa marehemu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wake. Mimi nilimchagua mdogo wa mume wangu, na baba yako akazaliwa. Alimwita mtu huyo baba mdogo, nami niliendelea kumwita shemeji. Hakuna aliyeona ajabu.

Safari ya Kisii sikuitangaza. Hata hivyo, asubuhi hiyo shemeji alikuja mlangoni amevaa koti lake la kanisani, akasema tutakwenda pamoja. Nililitazama sana lile koti. Mwaka huo wapimaji wa ardhi walikuwa kilimani kwetu, na kila kipande kilitafutiwa mwenyewe. Shamba la mume wangu lilipakana na la shemeji. Yeye alikuwa na wana wengi kwa mke wake, na ardhi finyu. Mimi nilikuwa na mwana mmoja. Karatasi ya serikali ikisema kwamba mwana huyo ni wa shemeji, nyumba ya marehemu haina mrithi, na shamba litamwangukia nani? Nikamruhusu aje, ili nimwone anachofanya. Ndani ya basi nilikaa kiti cha nyuma yake.

Karani alikuwa kijana, tena si wa kwetu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia ndizi, lakini kilitosha. Aliuliza jina la baba wa mtoto, nikamtajia mume wangu. Akauliza kama yuko hai. Nikajiuliza hilo anataka kulifanyia nini. Lakini barua ya chifu ilikuwa tayari mikononi mwake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba chifu aandike kwamba mimi ni mjane, na tangu lini, ili ijulikane kuwa nyumba ile ina mwenyewe.

Karani akasoma barua, akasoma kadi ya ubatizo, akairudia barua. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, hapa marehemu amezaa akiwa kaburini."

"Ng'ombe wake hawakuwa kaburini," nikamjibu. "Walikuwa zizini kwa baba yangu, wanakamuliwa."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Sikuwa nimefanya mzaha. Karani akanieleza kwamba serikali haijui habari za ng'ombe, na kwamba baba ni yule aliyezaa. Hapo shemeji akasogea dirishani.

"Andika jina langu," akasema. "Huyo ni mtoto wangu."

Tangu baba yako azaliwe, sikuwa nimemsikia akitamka maneno hayo. Kwetu, mwanamume aliyeingia nyumba ya nduguye hakuyasema. Angeyasema, wazee wangemwita na kumwuliza alitoa ng'ombe gani. Yeye aliyasema kwa Kiswahili, mbele ya mtu wa mbali, mahali ambapo hapakuwa na mzee wetu hata mmoja. Nilijua hapo koti lilivaliwa kwa ajili gani.

Nilimwambia kwa lugha yetu aondoke dirishani. Hakuondoka. Nikamwambia karani kwamba akiliandika jina hilo, nitarudi nyumbani bila karatasi na kijana atachuma chai pamoja na dada zake. Karani akaniuliza nataka nini hasa.

"Nataka chuo kimpokee, na shamba lisimkatae."

Alijikuna kichwa. Kisha akasema kwamba nafasi ya jina la baba inaweza kupigwa mstari, lakini jina la mtoto mwenyewe ni langu kumpa, na naweza kulimalizia kwa jina la mume wangu. Hilo nalo lilinitia shaka. Nikamwuliza kwa nini ananisaidia, na anatafuta nini kwangu.

"Natafuta uondoke, mama. Wenzako wanasubiri."

Jibu hilo nililiamini. Nikaweka dole gumba.

Siku ya kukichukua cheti nilikwenda peke yangu, bila kumuaga mtu. Sikutaka kusomewa na karani yule yule, wala na mtu wa kwetu. Nilimwendea mwanamke mmoja aliyeshona nguo barazani, ambaye hakunijua nami sikumjua, nikamwomba asome kila neno. Akasoma jina la kijana, likiishia na la mume wangu. Akasoma jina langu. Kwenye nafasi ya baba akasema, "Hapa pana mstari tu, mama." Nikamwomba arudie. Kisha nikaenda kwa mshona viatu wa upande wa pili, naye akasema ni mstari.

Nilimkuta shemeji njiani, karibu na kituo cha kuuzia chai. Aliuliza kama ameandikwa. Nikasema hapana.

"Sikutaka shamba," akasema. "Nilitaka niandikwe mahali, basi."

Nikamwambia kwamba mwenye haja hiyo angeisema kabla wapimaji hawajaja. Akasema kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amedai karatasi. Nikapita zangu.

Kamati ya mashamba ilipokaa, yeye ndiye aliyeitwa kuthibitisha mpaka, akiwa jirani. Nilisimama karibu, cheti kikiwa kifuani mwangu. Alisema shamba ni la mwana wa kaka yake, akaonyesha mpaka pale ulipokuwa siku zote, na ardhi ikaandikwa kwa jina la baba yako. Wapo wanaosema siku hiyo alionyesha moyo wake. Mimi nasema mbele ya kamati kila mtu ni mwema.

Sasa yeye ni marehemu. Juzi baba yako alinijia akitaka cheti kirekebishwe, yule mzee aandikwe, maana ndiye aliyemzaa na wewe una damu yake. Nimemkatalia. Wana wa shemeji wangali hai, na mashamba yetu bado yanapakana.