Sketi Isiyokauka

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu hamjambo. Walioniita hapa wameniambia nizungumze bila kuficha. Nitajitahidi, ila mkiona naangalia chini, niacheni niangalie chini.

Jina langu Paskalina. Nimezaliwa huko juu Mbulu, kwenye vilima, na nilikuwa msichana mwenye nguvu na mwenye mdomo. Kuni nilibeba mzigo wangu na nusu ya mzigo wa dada yangu, na njiani naimba. Tluway aliponioa alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano la serikali, chini huku Hanang, enzi zile mashine za kuvunia zilikuwa bado mpya zinang'aa. Tukapewa chumba kwenye kambi ya wafanyakazi. Ngano ilituzunguka pande zote, na asubuhi upepo ulikuwa unakata masikio. Mimba ilishika mwaka uleule. Nilitembea pale kambini nimejishika kiuno, najiona kweli kweli.

Uchungu ulinianza wakati wa mavuno. Jirani yetu, Mama Bura, Mwiraqw mwenzangu, ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake pale kambini. Akanipapasa tumbo akasema, "Mtoto amekaa vizuri. Sukuma." Nikasukuma mchana kutwa, nikasukuma usiku kucha, na kesho yake pia. Magari yote yalikuwa yamebeba ngano. Tluway alizunguka akiomba gari mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe tukapata trekta lenye tela, nikalazwa juu ya magunia, na humo njiani nikahisi mtoto ameacha kucheza. Hospitali walimtoa amekufa. Alikuwa wa kiume, mkubwa, kichwa kimevutika kwa kukwama kwenye njia ya uzazi.

Siku chache baadaye, nikiwa bado wodini, niliamka nikakuta godoro limelowa. Nikafikiri nimekojoa usingizini. Nikaligeuza haraka kabla nesi hajapita. Kesho yake hivyo hivyo. Halafu nikagundua kwamba hata sikojoi, mkojo unatoka wenyewe, nikilala, nikisimama, nikila. Hakuna kubana. Sikumwambia nesi. Ningeanzaje, mtu mzima niliyeolewa, kusema najikojolea? Nikajifunga kanga mbili, nikaruhusiwa, nikaondoka.

Sasa hapa niwaeleze jambo la kwetu. Sisi Wairaqw, hasa zamani zile, mama aliyefiwa na mtoto alikaa metimani. Maana yake hachangamani na watu. Hali nao chombo kimoja, haingii nyumba ya mtu, hapeani mkono, mpaka muda uishe na wazee waseme basi. Wanawake wengi waliuchukia muda ule. Mimi niliupenda. Tluway alinirudisha Mbulu kwa mama yangu, nikakaa chumbani peke yangu, na hakuna aliyeuliza kwa nini sitoki. Aliyejua ni mama tu, kwa sababu ndiye aliyefua. Alishuka mtoni alfajiri, upande wa chini, watu wasimkute. Mapaja yangu yalikuwa yamechubuka kwa mkojo, yana vidonda, natembea nimetanua miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, nauburuta. Mama alinipaka samli na hakunisema hata siku moja.

Muda ukaisha, wazee wakasema basi, Tluway akaja kunichukua. Nikalia sana. Watu wakadhani ni furaha.

Kambini nilichana magunia ya ngano nikayafanya nepi. Nilijifungia ndani. Chumba kilinuka, na ubaya ni kwamba mimi mwenyewe sikuisikia tena ile harufu, niliiona tu kwenye pua za watu. Tluway hakunitukana, siwezi kumsingizia. Alichukua blanketi lake akaenda kulala karakana. Alisema kuna zamu ya usiku. Hakukuwa na zamu yoyote.

Asubuhi moja alipita kuchukua uji, midomo imepasuka kwa baridi. Akasema, hata hakuniangalia, "Wenzangu wanavaa masweta ya wake zao." Akaenda zake. Yale maneno yalinichoma. Nikaona kama nimeshindwa yote ya mke, walau hili moja nijaribu.

Masweta yalitoka kwenye darasa la Mwalimu Atupele. Alikuwa mke wa bwana shamba, mwenyeji wa Makete, huko ambako kondoo wana sufu ya kweli. Aliwacheka kondoo wetu, alisema hawa wamevaa nywele tu. Sufu aliletewa kwa magunia kutoka kwao, na darasa alilifanyia kwenye stoo iliyokuwa ya mbolea. Sindano za kufumia zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe.

Nilianza kwa kusimama nje ya dirisha. Nina spoku zangu mbili na uzi niliofumua kwenye soksi kuukuu, naangalia vidole vyake, nafanya. Siku moja akaniona. "Wewe wa dirishani, ingia ndani." Nikatafuta la kusema, nikapata hili: "Mimi bado niko metimani, Mwalimu."

Wale Wairaqw wenzangu waliokuwa darasani wakatazamana. Mama Bura akasema, "Metimani gani hiyo haiishi? Ya kwako imeota mizizi?" Wakacheka. Lakini hakuna aliyethubutu kunisogelea, maana mila haijaribiwi. Mwalimu hakuwa anajua mila zetu, akakubali. Nikapewa kigoda changu karibu na mlango, upepo unapita, na kikombe changu peke yangu. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilikuwa pia nimemtumia mwanangu marehemu kufunika mkojo, na jamani, hiyo aibu ni kubwa kuliko harufu. Mpaka leo sijaizoea.

Kufuma nilikuweza upesi. Kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma, geuza, rudi. Kipande changu cha kwanza kilipinda, Mwalimu akakifumua chote mbele yangu, nikaanza upya. Vidole vikiwa na kazi nilisahau kidogo. Nikaanza sweta la Tluway.

Halafu ikaja siku ya kugandisha sufu. Hii haifumwi. Unachambua sufu, unaitandaza nyembamba, safu hii inalala huku na ile inalala kule, unamwagia maji ya moto ya sabuni, unaviringisha ndani ya gunia, unakanda kwa mikono na viwiko mpaka ishikane yenyewe iwe kitambaa kizito. Hapo unakata kofia, unakata ndala za ndani. Kazi hiyo lazima muwe wawili, mmoja anavuta, mmoja anasukuma. Idadi yetu ilikuwa mbaya, Mama Bura akabaki bila mwenzake.

"Njoo bwana," akaniambia. "Metimani yako leo tutaiosha na sabuni."

Nikaenda. Maji yalitumwagikia kifuani, yakashuka kwenye sketi, yakajaa sakafuni. Sufu ikilowa inanuka zizi, stoo nzima ikanuka, kila mtu anakunja pua na anacheka. Nilikuwa nimelowa katikati ya watu waliolowa. Nilinuka katikati ya watu walionuka. Tulikanda na Mama Bura, yeye anasukuma mimi navuta, na nikasikia mtu anaimba wimbo wa kwetu wa kutwanga. Kumbe ni mimi. Tangu nizae nilikuwa sijaimba. Nilifurahi, akina mama, nilifurahi mpaka nikasahau mwili wangu.

Kazi ilipoisha tulitoka kuota jua ukutani. Jua la saa saba lilikuwa kali. Tukakaa tunapiga soga, sketi za wenzangu zikaanza kukauka, zikawa nyepesi, upepo ukazipeperusha. Yangu ilibaki imenata miguuni. Nikasogea pembeni kidogo, nikijifanya natafuta kivuli. Mavumbini pale nilipokaa palibaki alama nyeusi. Mama Bura aliiangalia ile alama, akaniangalia mimi, na safari hii hakutania. Uso wake ulibadilika. Mtu anayezalisha wanawake anajua anachokiona.

Mwalimu alinishika mkono akanipeleka nyuma ya stoo. "Paskalina, jua lote hili. Mbona wewe hukauki?"

Nikasema, "Mkojo unanitoka."

Ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo kwa mdomo wangu. Lilitoka kwa sauti ndogo sana. Nilingoja arudi nyuma, hakurudi.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto."

"Mdogo wangu alipata hivyo hivyo," akasema. "Alishonwa. Sasa ana watoto wanaomsumbua kama watoto wa watu wote."

"Inashonwa?"

"Inashonwa."

Mama Bura alikuja na kanga yake, akanifunga kiunoni mwenyewe. Akasema, "Nilikuambia sukuma. Ningesema mtafute gari mapema." Nilimjibu baadaye sana, tukalia wote.

Mwalimu alizungumza na mumewe, nafasi ya gari ikapatikana, mama akaitwa kutoka Mbulu anisindikize. Hospitali yenyewe ilikuwa mbali, kupita Babati. Nilipoingia wodini nilisimama mlangoni nikashangaa. Wodi nzima ilinuka kama mimi. Wanawake wa makabila mbalimbali, wengine wadogo kuliko mimi, kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani.

Daktari aliniambia hivi: "Kichwa cha mtoto kilikwama muda mrefu, kikabana kibofu kwenye mfupa. Nyama ikafa, pakatoboka. Hukulogwa, hukukosea mila yoyote. Ulichelewa kufika tu." Mama alishika shavu akainama. Nadhani alikuwa na hofu nyingi ambazo hakuwahi kuniambia.

Walinichoma sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ukawa si wangu, nasikia mikasi inalia kwenye sahani. Nilipotoka nilikuwa na mpira wa kupitisha mkojo, na nesi mmoja mkali. Mimi nilikuwa nimezoea kutokunywa maji, ili nilowe kidogo. Yeye alisimama juu yangu: "Kunywa! Tena! Unafikiri kibofu kitasafishwa na mate?" Nilikunywa mpaka tumbo likajaa. Nililala chali nafuma sweta la Tluway, na majirani wa vitanda wakataka kujua, nikawafundisha kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma.

Walipotoa ule mpira, usiku nililowa. Nikafunika uso kwa shuka, nikasema basi, imerudi. Yule nesi mkali akakaa kitandani kwangu, kwa mara ya kwanza akapunguza sauti. "Kibofu kimelala muda mrefu. Kinajifunza kazi. Usikitukane." Kikajifunza. Siku moja nikahisi haja, nikabana, ikabanika, nikatembea hadi chooni na mguu wangu unaoburuta, nikakojoa kama mtu. Nilikaa humo nasikiliza. Mama aligonga mlango akidhani nimezimia.

Tluway ndiye aliyekuja kutuchukua. Nikampa sweta. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Akalivaa pale pale, akaukunja ule mrefu.

"Ile zamu ya usiku," akasema, "haikuwepo."

"Nilijua."

"Naona aibu, mke wangu."

"Hata mimi."

Mama akatuita, gari linaondoka.

Baadaye nilizaa watoto wawili, wote kwa kupasuliwa, kama daktari alivyoagiza. Mguu ulirudi, si wote. Namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu aliyefua bila kusema, na Mwalimu Atupele popote alipo. Mama Bura aliendelea kuzalisha, lakini mwanamke akishachelewa kidogo tu, alikuwa anapigia watu kelele watafute gari mpaka wanamkimbia.

Ninyi wenye mimba, uchungu ukizidi msisubiri mavuno yaishe. Wanaume mliokuja, asanteni, nanyi mmesikia. Na dada mmoja ambaye sitamtaja, kwa sababu simjui lakini katika watu wengi hivi yupo, usiseme kitu hapa mbele za watu. Nami nimesema kwa shida, mmeniona. Watu wakishatoka, mimi nitabaki. Njoo tu ukae na mimi kwenye hili benchi, karibu kabisa. Likilowa, tutalifuta.