Aliyeniuliza Uzito Auweke Wapi

Usiniambie niliota. Mtu haoti saa kumi na moja jioni, juani, ameshika bisibisi. Haya yalinifika mimi mwenyewe, katika njia ya mchanga itokayo Siyu kwenda Mtangawanda, na ushahidi ninao hapa mkononi.

Kwanza unijue. Mimi si fundi wa kubahatisha. Nina diploma ya umekanika, nimefanya kazi Ghuba miaka minane katika karakana zenye viyoyozi, na nyumba ya mawe anayokaa mama yangu niliijenga kwa mikono hii miwili. Niliporudi Siyu nikafungua gereji, nikaitundika diploma ukutani ndani ya fremu ili kila aingiaye aione. Gereji nyingine gani kisiwani ina kitu kama hicho?

Ndipo Bwana Shee, jirani yetu, akaniletea pikipiki yake. Ya Kijapani, ya zamani sana, tanki jekundu bado linang'aa. Ukiiacha ingurume tu, haina neno. Ukizungusha mkono wa mafuta polepole, inakwenda. Lakini ukiuzungusha ghafla, inanyamaza. Unahesabu moja, mbili. Halafu inaruka mbele kama mtu aliyezinduliwa usingizini. Ilikuwa imeshamtupa Bwana Shee mchangani, akavunjika mtulinga.

"Mafundi watatu wameshindwa," akaniambia mbele ya watu barazani. "Na wewe hutaiweza. Karatasi yako haiyui mchanga wa huku."

Watu wakacheka. Hasira zikanipanda. "Ijumaa utaipanda kwenda kuswali, Bwana Shee. La sivyo diploma naishusha na gereji naifunga."

"Yeo Jumatano, fundi," akasema. "Haya, tutaona."

Nikaisafisha kabureta mara tatu, nikazipuliza jeti zote, vile vitundu vinavyopitisha mafuta. Nikabadilisha plagi, waya wa mafuta na filta ya hewa. Nikaurushia maji mpira unaoshika kabureta, nisikie kama mlio utabadilika, maana huenda ukawa unavuta hewa. Hakuna. Alhamisi jioni nikaitoa kuijaribu, na karibu na shamba la minazi ikanyamaza, moja, mbili, ikaruka, ikanibwaga.

Nilikuwa nimechutama kando yake, nafikiria watu watakavyocheka nikishusha ile fremu, nilipoona mtu amesimama. Kikoi, shati jeupe, umri kama wangu. Nikamsalimu. Akanitazama tu. Nikadhani ni kiburi. Kisha, baada ya kitambo, akaitikia salamu yangu yote, kwa adabu kamili.

"Pikipiki yako nzito," akasema. "Nzito kama mimi."

"Wewe ni fundi?"

Kimya. Moja, mbili.

"Nilikuwa."

Akainama kuitazama injini. Na hapo, niamini, ndipo mwili uliponisisimka. Jua lilikuwa limeshuka, vivuli vimelala mchangani virefu. Mtu aliinama, kivuli chake kikabaki kimesimama. Moja, mbili. Ndipo nacho kikainama.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia. Mimi niliikumbuka Ijumaa.

"Kama waweza, itengeneze," nikamwambia.

Akaweka kiganja juu ya injini, nayo ilikuwa moto wa kuchoma ngozi. Hakushtuka. "Uzito huu nikiutoa," akasema, "niuweke wapi?"

Nikacheka. Swali gani hilo la kumuuliza mtu aliyesoma? "Niwekee mimi, bwana. Nina diploma, nitaubeba."

Safari hii hakukawia. "Umesema," akajibu papo hapo.

Akainuka, na kivuli chake kikainuka pamoja naye. Akaondoka kupitia minazini kwa hatua nyepesi, akicheka peke yake kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikapiga teke stata, nikazungusha mkono wa mafuta ghafla. Pikipiki ikaitika pale pale. Hata mpya haiitiki vile.

Ijumaa Bwana Shee akaipanda mpaka msikitini, watu wote wanaona. "Nimekukosea, fundi," akasema, akanyoosha mkono. Nikataka kumpa wangu. Haukwenda. Moja, mbili. Ndipo ukanyanyuka. Akadhani namringia.

Nilipomweleza mama, akaketi chini taratibu. "Hukumwambia akautupe baharini?"

"Ningejuaje, mama?"

"Kitu kibaya kikitolewa kwa mtu hupelekwa baharini, kusikokaa mtu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani ayua. Wewe miaka yote hiyo ulikuwa ukisoma nini?"

Nimesomewa na mashehe wawili. Nimepimwa Mombasa, nikaambiwa mishipa ni mizima. Diploma ingali ukutani na wateja wanakuja kutoka visiwa vingine, maana sifa zangu zimefika mpaka Ndau. Lakini nyundo ikiniponyoka, hunifika mguuni kabla mkono haujajua. Nikishika chuma cha moto, nasikia harufu ya ngozi yangu kwanza. Sasa sauti nayo imeanza. Ukinisalimu nakusikia vizuri. Jibu ndilo linalochelewa. Kivuli changu siku hizi sikitazami.

Kwa hiyo nisikilize. Ukimsalimu mtu njiani akakawia kuitika, usimsogelee. Akikuuliza kitu akiweke wapi, usifanye mzaha wala usijisifu. Sema baharini, kisha uende zako. Yule mtu sidhani alikuwa mbaya. Alikuwa amechoka tu.

Nayajua machovu hayo. Juzi alikuja kijana kutoka Faza, kaleta pikipiki nzito na maneno mengi kuhusu chuo alichosoma. Nikaweka kiganja juu ya injini. Swali lile likanipanda mpaka mdomoni, na sikulizuia. Kilichomwokoa ni kwamba ulimi wangu ulichelewa, na lilipotoka, alikuwa ameshavuka mlango.