Habari Iliyongoja Mlango Ufunguliwe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi mlango wa chuma ulifungwa juu ya kichwa changu, na nyambizi ikaanza kuzama. Ilikuwa doria yangu ya kwanza, miaka ya themanini, katika jeshi la majini la ng'ambo, katika nchi niliyokwenda kusomea mitambo, nikapewa uraia.

Kazi ya mvuke niliianzia bandari ya Kisumu, nikitunza boila ya meli ya ziwani. Ndiyo sababu kinu cha nyuklia hakikunitisha. Nacho huchemsha maji; mvuke huzungusha turbini, turbini huzungusha rafadha, lile panga linalosukuma chombo. Ila hakina haja ya kuongezwa mafuta, hivyo tuliweza kukaa chini miezi mitatu. Kilichonitisha ni makombora, yaliyosimama wima katikati ya chombo kama nguzo za kanisa, kila moja likiweza kuteketeza mji mkubwa kuliko Kisumu. Kazi yetu ilikuwa kujificha na kungoja amri.

Anayejificha hapazi sauti. Tulipokea redio, hatukutuma. Mke wangu Akinyi, aliyebaki kambini, aliruhusiwa kuniletea ujumbe mfupi kila wiki, ukipitiwa kwanza na ofisa wa redio. Kamanda alinieleza sheria siku hiyo ya kwanza.

"Habari ya msiba haitakufikia wewe, itanifikia mimi. Utaipata tukirudi. Ukiipata kabla, utakwenda wapi?"

Nilipiga saluti, nikarudi kwenye mitambo.

Kamanda alikuwa mpole. Kila asubuhi alipita chumba cha mitambo, akauliza geji zinasemaje, akanitania kwamba mtu wa maji matamu amezoea chumvi. Nilicheka naye. Ujumbe wa Akinyi niliubandika juu ya kitanda. Mwanzoni uliishia, "Baba anakusalimu." Baadaye ukaishia, "Nyumbani wanakusalimu." Niliusoma kila nilipolala, nisione tofauti.

Siku mlango ulipofunguliwa, Kamanda aliniita chumbani kwake.

"Bwana Otieno, baba yako amefariki. Pole sana."

Nikauliza lini. Akasema wiki ya tatu ya doria. Nikauliza yeye alijua lini.

"Siku hiyohiyo."

Nilikumbuka asubuhi zote tulizocheka pamoja. Nikakaa sakafuni mbele ya mkubwa wangu.

Nilirudi nikitarajia kuonyeshwa kaburi nyumbani kwetu Usenge. Hakukuwa na kaburi. Mimi ndiye mwana wa kwanza, na wazee walikataa kumzika mzee bila mimi. Mama nilimkuta Kisumu, kwenye benchi nje ya mochari, na mdogo wangu Okoth. Hakunisalimu.

"Baba yako amekungoja kwa friji tangu mvua," alisema. "Na wewe huko chini ya maji, ulikuwa unangoja nani?"

Ningemwambia nini? Kwamba tulingoja amri ya kuteketeza watu, tukiomba isije? Niliweka begi chini, karibu na miguu yake.

"Mama, wacha kwanza alipe siku za friji," Okoth alisema taratibu. "Tumtoe mzee."

Nilistaafu miaka ya tisini. Vijana wa Usenge huniuliza kama niliwahi kuona kombora likirushwa. Sikuona hata moja. Amri haikuja, na katika kazi ile hiyo ndiyo sifa kubwa. Huuliza pia doria kama ile iligharimu kiasi gani. Gharama za serikali hakuna aliyeniambia. Ninazojua ni zile nilizosomewa na keshia kwenye dirisha la mochari: shilingi elfu sita, mia nne na hamsini.